Dakika 26 kando ya kitanda, au jenomu nzima? Tathmini ya kipimo cha MT-RNR1 kwa watoto wachanga

Mtoto mchanga akishukiwa kuwa na maambukizi ya damu, muda uliopo ni saa moja. Mwongozo wa NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, unataka dozi ya kwanza ya antibayotiki imfikie mtoto ndani ya saa hiyo, tangu daktari aamue kutibu. Dawa inayotangulia karibu kila mahali ni jentamaisini ikiambatana na penisilini. Kipimo chochote cha vinasaba kinachotaka kubadilisha uamuzi huo lazima kijibu kabla sindano haijaingia. Kikijibu baadaye, kitaeleza kwa nini mtoto amekuwa kiziwi, lakini hakitakuwa kimemkinga.

Kipimo tunachokitathmini hapa ni Genedrive MT-RNR1 ID Kit, kilichotengenezwa Manchester ili kutafuta badiliko moja la jeni ya MT-RNR1 linaloweza kumfanya mtoto awe kiziwi akipewa jentamaisini. Tunakiweka sambamba na huduma ya kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtoto, kwa haraka, ile ambayo NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, imekuwa ikiitoa kupitia maabara ya Exeter tangu Oktoba 2022 kwa watoto walio mahututi. Watu wengi huviona hivi viwili kama kipimo kidogo na kaka yake mkubwa. Sisi tunaona ni kazi mbili tofauti, na makosa mengi ya ununuzi na ya matibabu huanzia pale zinapochanganywa.

Tuanze na jeni yenyewe, maana bila hiyo kifaa hakieleweki. Jentamaisini, amikasini na streptomaisini ni za kundi moja, aminoglikosaidi. Huua bakteria kwa kujishikiza kwenye ribosomu yake, mtambo unaotengeneza protini. Mitokondria zilizomo ndani ya seli zetu nazo zina ribosomu zao, na hizo kwa asili zinafanana na za bakteria. Kwa watu wengi mfanano huo haufikii kiwango cha dawa kukosea mlango. Lakini DNA ya mitokondria, ambayo ni duara la herufi 16,569, ikiwa na herufi G mahali pa 1555, ndani ya jeni ya MT-RNR1, badala ya A, ribosomu yetu inakaribia sana umbo la ile ya bakteria, na dawa hujishikiza huko pia. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio ndizo zinazoathirika, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Kwa mwenye badiliko hili, hata dozi moja iliyopimwa sawasawa kabisa inaweza kuondoa usikivu. Barani Ulaya hubebwa na takriban mtu 1 kati ya 500. Hurithiwa kwa mama pekee.

Sasa kifaa. Mashine yake ni ndogo, inakaa juu ya meza ya wodi. Muuguzi anafungua kijiti cha pamba, anakisugua ndani ya shavu la mtoto, anakikoroga kwenye kichupa cha kimiminika, kisha anahamishia kiasi kidogo kwenye katriji yenye vitendanishi vilivyokaushwa. Katriji inaingia kwenye mashine, mashine inazidisha nakala za kipande kile kimoja cha DNA na kusoma mwanga unaotoka. Baada ya dakika 26 jibu linatokea: badiliko lipo, halipo, au kipimo kimeshindwa. Hakuna damu inayotolewa. Kwa njiti wa gramu 900, ambaye kila mililita ya damu yake inahesabiwa, hilo peke yake ni jambo la kushukuru.

Utafiti uliokipima wodini uliitwa PALOH. Ulifanyika katika hospitali mbili, moja Manchester na nyingine Liverpool, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Watoto 751 waliingizwa. Miongoni mwa waliohitaji antibayotiki, 424, yaani asilimia 80.6, walipimwa na kupata jibu. Watoto watatu walikutwa na badiliko la 1555, na wote watatu waliepushwa na aminoglikosaidi. Swali lililowasumbua madaktari wengi lilikuwa kama kipimo kingechelewesha dawa. Hakikuchelewesha: wastani wa muda wa kufikia dozi ya kwanza ulibaki uleule wa zamani. Siri yake ni mpangilio wa kazi. Kijiti kinapitishwa shavuni mara tu mtoto anapopokelewa, kisha mashine inafanya kazi wakati wauguzi wanatafuta mshipa, wanaweka kanula, wanachukua damu ya kuotesha na kuandaa dawa. Wodi itakayosubiri hadi kanula iwe tayari ndipo ikumbuke kijiti imepoteza faida yote, na mashine haina lawama hapo.

Tumezisoma takwimu hizo kwa makini, na tuna mambo mawili ya kusema ambayo matangazo huyapita haraka.

La kwanza ni kushindwa kwa kipimo. Mwanzoni mwa utafiti, asilimia 17.1 ya vipimo havikutoa jibu. Baada ya marekebisho ya kiufundi kiwango kilishuka hadi asilimia 5.7. Hiyo ya pili inavumilika, ila bado ni takriban mtoto 1 kati ya 18. Wodi inapaswa kuwa na agizo lililoandikwa ukutani kabla ya siku ya kwanza: kipimo kikishindwa, unarudia mara moja kama muda unaruhusu. Muda usiporuhusu, unatoa antibayotiki kama kawaida. Maambukizi ya damu yanaua mtoto mchanga ndani ya saa chache. Kumcheleweshea dawa ili kulinda sikio ni kubadilisha hatari ndogo kwa kubwa, na hakuna mwongozo unaoruhusu hivyo.

La pili ni hesabu ya majibu chanya, na hapa tunaomba msomaji atulie nasi. Katika matumizi ya wodini kipimo hakikumkosa mtoto yeyote aliyekuwa na badiliko, ingawa watatu ni wachache mno kumfanya mtu aape. Umahususi, yaani uwezo wa kuwatambua wasio na badiliko, ulikuwa asilimia 99.2. Namba hiyo inavutia, lakini iweke kwenye watoto 1,000. Wenye badiliko kwelikweli watakuwa kama 2. Kati ya 998 waliobaki, asilimia 0.8 watapewa jibu chanya la uongo, yaani watoto kama 8. Kwa hiyo katika majibu chanya 10, manane yanaweza kuwa si ya kweli. Je, kipimo ni kibaya? La. Gharama ya kosa hilo kwa mtoto ni kupewa antibayotiki nyingine, kwa kawaida ya kundi la sefalosporini kama sefotaksimu, kwa siku chache. Kosa la upande wa pili lingekuwa uziwi wa maisha. Mizani imeelekezwa upande unaofaa. Kinachokatazwa ni kumwambia mama palepale kwamba ukoo wake una badiliko la jeni. Jibu chanya la mashine linabadilisha sindano ya usiku huo, basi. Habari ya kudumu, ile inayowahusu mama, dada zake na watoto wao, inasubiri sampuli ya pili ithibitishwe maabara.

Wapo wanaouliza kwa nini wasipewe watoto wote sefotaksimu, tukaachana na mashine. Jibu ni usugu. Sefalosporini zikimwagwa kwa kila mtoto, bakteria sugu hujaa wodini, na jentamaisini imebaki dawa nzuri kwa sababu bado inafanya kazi na bei yake iko chini. Kipimo kinatuwezesha kuendelea kuitumia kwa wengi huku tukiwatenga wachache walio hatarini.

Kifaa hiki kina dirisha dogo. Kinatazama 1555 tu. Yapo mabadiliko mengine kwenye jeni hiyohiyo ya MT-RNR1 yanayohusishwa na uziwi wa dawa hizi, likiwemo 1494, ambalo ni adimu zaidi. Jibu la "halipo" halimaanishi mtoto yuko salama kwa jentamaisini kwa kila hali. Aminoglikosaidi zikizidi mwilini huharibu masikio na figo za mtu yeyote, mwenye badiliko na asiye nalo. Upimaji wa kiwango cha dawa kwenye damu unaendelea vilevile. NICE inataka kiwango kabla ya dozi inayofuata kiwe chini ya miligramu 2 kwa lita. Wauguzi wakianza kusema "huyu amepimwa jeni, hana shida," mashine imeanza kuleta madhara.

Kuhusu usafi wa sampuli kuna jambo linaloshangaza wengi. Mtoto aliyetoka kunyonya ana seli za mama yake mdomoni, na katika vipimo vingi vya vinasaba hilo ni tatizo kubwa. Hapa si kubwa kiasi hicho, kwa kuwa mitokondria za mtoto zote zimetoka kwa mama huyohuyo, na herufi ya 1555 kwa kawaida ni ileile kwao wote wawili. Seli za muuguzi ndizo za kuogopwa. Glavu mpya, kijiti kisiguse shuka wala kidole, na kisugue shavu lenyewe badala ya kuzolea mate tu, kwa sababu seli chache ndizo chanzo cha kipimo kushindwa.

Machi 2023 NICE ilikiruhusu kipimo hiki kitumike kwa masharti huku ushahidi zaidi ukiendelea kukusanywa. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa haki. Kinachofanywa na kifaa hiki hakina mbadala kwa sasa, na udhaifu wake unajulikana na unapangika.

Tugeukie jenomu nzima. Hapa hununui kifaa, unaingia kwenye mlolongo wa watu. Damu ya mtoto, mililita moja hadi mbili, huingia kwenye chupa ya EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, yenye kifuniko cha zambarau. Inapowezekana huchukuliwa pia damu ya mama na baba, kwa sababu kusoma watatu pamoja hupunguza mno idadi ya mabadiliko ya kushuku: kitu alichonacho mtoto huku wazazi wote wawili hawana kinajitokeza mara moja. DNA inatolewa, inakatwa vipande, kila mahali panasomwa mara 30 kwa wastani, kisha kompyuta inapanga vipande hivyo juu ya jenomu ya rejea ya herufi bilioni 3. Kila mtu hutofautiana na rejea hiyo kwenye mahali milioni 4 hadi 5. Kazi ngumu inaanzia hapo: kati ya milioni hizo, ni lipi linalomfanya mtoto huyu apate degedege?

Mashine hailijui swali hilo. Linatoka kwa daktari aliyejaza fomu, na fomu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika huduma hii. Akiandika "mtoto mgonjwa sana", maabara itapekua gizani. Akiandika "degedege tangu siku ya pili, asidi ya laktiki imepanda, misuli imelegea, wazazi ni binamu", wachambuzi wanakwenda moja kwa moja kwenye jeni zinazohusika. Ukitaka kupunguza siku za kusubiri, andika vizuri fomu hiyo kabla ya kulalamikia mwendo wa mashine.

Mwendo wenyewe umekuwa wa ajabu. Timu ya Stanford ilitangaza mwaka 2022 kwamba ilisoma jenomu ya mgonjwa kwa saa 5 na dakika 2, na mwingine akapata jina la ugonjwa wake saa 7 na dakika 18 baada ya damu kufika. Mwaka mmoja nyuma, madaktari wa San Diego walieleza habari ya mtoto wa wiki 5 aliyegundulika kwa saa 13 na nusu kuwa na tatizo la kusafirisha vitamini B1 mwilini. Akapewa thiamini na biotini, akapata nafuu upesi. Huo ni ugonjwa ambao hakuna kijiti cha shavuni kingeuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutafuta. Katika mradi wa California wa watoto 184 walio mahututi, uliochapishwa mwaka 2021, karibu 4 kati ya kila 10 walipata jina la ugonjwa, na kwa takriban theluthi moja ya watoto wote matibabu yalibadilishwa. Hakuna kipimo kingine tunachokijua chenye mavuno kama hayo kwa watoto ambao chanzo cha ugonjwa wao hakijulikani.

Lakini rekodi si huduma ya kila siku. Saa 5 za Stanford zilihitaji mashine iliyobeba katriji 48 za kusomea DNA zikifanya kazi kwa pamoja kwa mgonjwa mmoja. Huduma ya taifa ya Uingereza ilipozinduliwa ilihesabu kwa siku, na lengo lilikuwa wiki moja. Ukilinganisha na saa moja ya antibayotiki, wiki na saa 13 ni kitu kilekile: vyote vimechelewa.

Je, jenomu nzima inaiona 1555? Inaiona, tena vizuri mno. Seli moja ina mamia au maelfu ya nakala za DNA ya mitokondria, hivyo mahali hapo husomwa mara nyingi kupita sehemu nyingine za jenomu, na mchanganyiko wa nakala zilizobadilika na zisizobadilika huonekana kwa asilimia. Ila kuna mtego: si kila maabara huchambua mitokondria katika ripoti yake ya kawaida. Usidhani limeangaliwa kwa sababu ripoti imeandikwa "jenomu nzima". Uliza kwa maandishi.

Udhaifu mwingine wa jenomu nzima ni majibu yasiyo na uamuzi. Maabara hupanga badiliko katika madaraja matano, kutoka lisilo na madhara hadi lisababishalo ugonjwa, na daraja la katikati ni "maana yake haijulikani". Familia zenye asili ya Afrika hupata majibu ya daraja hilo mara nyingi zaidi, kwa sababu hifadhi za data za jenomu zimejengwa hasa kwa watu wa asili ya Ulaya. Mradi wa H3Africa ulipochapisha jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika mwaka 2020, ulikuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Hilo linatuuma. Mama wa Mwanza au Mombasa anayepeleka damu nje ya nchi analipa bei ileile na kurudishiwa jibu lenye ukungu zaidi, mpaka jenomu za watu wake zisomwe kwa wingi.

Tahadhari pia na bei zinazotangazwa. Kampuni ya Illumina ilipoizindua mashine yake ya kusoma DNA, NovaSeq X, mwaka 2022 ilizungumzia jenomu ya dola 200. Hizo ni gharama za vitendanishi mashine ikijazwa sampuli pomoni. Mchambuzi, hifadhi ya data ya takriban gigabaiti 100 kwa mtu mmoja, uthibitisho na ushauri kwa wazazi havimo. Mtoto mahututi hasubiri mashine ijae.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni kifua kikuu. Mashine ya GeneXpert husoma kipande cha herufi 81 cha jeni ya rpoB ya vijidudu vya ugonjwa huo na kutoa jibu kwa takriban saa 2: vijidudu vipo au havipo, na dawa ya rifampisini itafanya kazi au la. Imebadilisha huduma kuanzia ngazi ya wilaya. Lakini kule Eswatini lilienea badiliko la I491F, lililoko nje ya dirisha hilo. Mashine ikasema "si sugu" kwa wagonjwa waliokuwa sugu kweli. Kusoma jenomu nzima ya bakteria kulilionyesha, ila kwa kawaida husubiri kuotesha vimelea, yaani wiki kadhaa. Hakuna aliyetupa GeneXpert kwa sababu hiyo, na hakuna aliyepaswa kuitupa. Kilichohitajika ni kujua dirisha lake linaishia wapi.

Tusichanganye pia vipimo hivi na vile vya haraka vya selimundu kama HemoTypeSC. Hicho hutazama protini ya hemoglobini kwa kingamwili. Ni kizuri kwa kazi yake, lakini hakisomi DNA.

Ampisilini na jentamaisini ndizo WHO inazozitanguliza kwa sepsisi (maambukizi ya damu) ya watoto wachanga, kwa hiyo suala la 1555 linaihusu kila wodi ya njiti, pamoja na zisizo na mashine. Pasipo mashine lipo swali lisilogharimu kitu, nalo liulizwe kabla ya sindano: upande wa mama, yupo aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano, au akiwa bado kijana? Bibi mzaa mama, mjomba, mama mdogo. Upande wa baba hauhusiki na badiliko hili. Jibu likiwa "ndiyo", kuna sababu ya kutosha kutafuta dawa mbadala kama ipo.

Halafu kuna chupa zenyewe. Jentamaisini huja katika ampuli za miligramu 10 kwa mililita na za miligramu 40 kwa mililita. Mtoto wa kilo 3 kwa miligramu 5 kwa kilo anahitaji miligramu 15: mililita 1.5 za ile ya kwanza, au chini kidogo ya 0.4 za ile ya pili. Muuguzi akivuta mililita 1.5 kutoka ampuli ya 40, amempa mtoto dozi mara nne. Kosa hilo humpata mtoto mwenye A mahali pa 1555 sawasawa na mwenye G, na hakuna katriji itakayolizuia.

Jibu chanya likithibitishwa maabara, liandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto na ya mama pia, kwa maneno ambayo muuguzi wa zahanati yoyote atayaelewa: "Asipewe jentamaisini, amikasini, kanamaisini wala streptomaisini kama kuna dawa nyingine inayofaa." Mtoto apimwe usikivu tena anapokua, kwa sababu baadhi ya wenye badiliko hili hupoteza usikivu polepole hata bila dawa. Ndugu zake wa tumbo moja wachukuliwe kuwa nalo mpaka wapimwe.